Tulifika Al-Khalil Siku Mlango Umefungwa

Jirani yangu wa barabara ya 12, hapa Ngamiani, Tanga, kaniuliza juzi: njia zikitulia, ampeleke mama yake ziara ya Baitul Maqdis (Yerusalemu) na Al-Khalil (Hebroni), Palestina, kama nilivyompeleka wangu? Nikamwambia avute kiti, maana jibu lenyewe si la kupewa mlangoni. Haya ndiyo niliyomweleza, pamoja na mengine niliyoona haya kuyasema uso kwa uso.

Ilikuwa Oktoba 2019. Mama alikuwa na miaka 71, presha ya siku nyingi na goti la kushoto lisilopatana na ngazi. Baba yake, mvuvi wa Sahare, aliitwa Khalil, na alipenda kuwatania wanawe kwamba yeye hana shamba wala dau, lakini jina lake lina mji mzima huko Shamu. Mama alikua na maneno hayo. Sisi wengine tunamtaja Nabii Ibrahim katika tahiyatu tukapita zetu; yeye akimtaja anamkumbuka na babake. Akaweka nadhiri kwamba kabla hajaondoka duniani atasali rakaa mbili kwenye mji wa Khalilullahi, rafiki wa Mungu.

Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari. Wanafunzi wangu wanaujua Mkutano wa Berlin wa 1884 kwa tarehe na kwa majina ya waliokaa mezani. Nalitaja hili ili muone kwamba kusoma na kujiandaa ni vitu viwili. Nilisoma sana kabla ya safari ile. Kujiandaa, sikujiandaa.

Tulilipa dola 2,300 kila mmoja kwa wakala wa Dar es Salaam: tiketi, hoteli, chakula cha asubuhi na jioni, basi na viza. Nusu ilitoka kwenye kikoba, nusu nilikopa kazini, na deni lile nilikuja kulimaliza 2021. Ambalo karatasi ya wakala haikusema ni pesa za njiani. Kodi ya kutoka Jordan, nauli ya basi la darajani na ya kila begi, bahashishi ya dereva na ya muongozaji, na siku ya kurudi kodi nyingine upande wa Israeli, zaidi ya shekeli 170 kwa kichwa. Kwa wakati ule dola moja ilikuwa kama shekeli tatu na nusu. Sisi wawili zilitutoka dola zaidi ya 250 ambazo sikuzihesabu, nami nilikuwa na noti za mia mia tupu. Beba ndogo ndogo. Mwenye teksi hana chenji ya mia, na ukiitoa mbele yake bei inapanda papo hapo.

Kuhusu viza, elewa jambo moja tu: Palestina haina mlango inaoushika yenyewe. Uende Ramallah, Bethlehemu au Al-Khalil, anayekuruhusu au kukurudisha ni Israeli. Sisi tulipitia Amman, tukavuka Mto Yordani kwenye daraja lenye majina matatu: Wajordan wanaliita King Hussein, Waisraeli Allenby, Wapalestina Al-Karama. Saa za daraja si za kubahatisha. Ijumaa na Jumamosi linafungwa mapema, na ziko sikukuu ambazo halifunguliwi kabisa.

Pale tulikaa saa tano. Wenzetu walipita mmoja mmoja, Mama akabaki. Binti wa uhamiaji, mdogo kuliko wanafunzi wangu wa kidato cha sita, alimuuliza jina la baba, la babu, la baba wa babu, anakokwenda na anamjua nani huko. Mama alipofika kwa babu wa tatu akanigeukia: "Mwanangu, kwani mimi nakuja kuposwa huku?" Nilicheka, nikajutia kicheko, maana baada yake tuliambiwa tukae tena. Vidonge vyake vya presha nilikuwa nimevifungia kwenye begi kubwa lililokuwa chini ya basi. Saa ya kumeza ikafika na kupita. Hilo ni kosa langu peke yangu wala sina wa kumsingizia. Dawa za mzee zikae mwilini mwako, si kwenye mkoba, seuze begi.

Hawagongi muhuri kwenye pasipoti. Wanakupa kikaratasi chenye picha yako. Kitunze kama pasipoti yenyewe, kila kizuizi kitaulizwa.

Za Baitul Maqdis nitazipita. Msikiti wa Aqsa mnaujua kwa sifa, nami sina cha kuongeza, isipokuwa kwamba hatua chache kutoka kwenye lango lake mojawapo kuna mtaa wa watu weusi kama sisi, Wapalestina ambao babu zao walitoka Chadi, Sudani, Nijeria na Senegali kuja kuzuru, wakabaki. Mama alisalimiana nao kwa Kiswahili kwa kujiamini kabisa. Walimjibu kwa Kiarabu, na mazungumzo yaliendelea robo saa bila yeyote kuelewa neno la mwenzake.

Karatasi ya programu ilisema: saa tatu asubuhi kuondoka, saa tano Al-Khalil, saa nane kurudi. Mji umepewa saa tatu, na humo kuna sala, kuna chakula na kuna kununua zawadi. Niliisoma mara kumi nikiwa Tanga na haikunishtua.

Al-Khalil iko kilomita kama 30 kusini mwa Baitul Maqdis, juu ya vilima, zaidi ya mita 900 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi baridi yake inakumbusha Lushoto. Pembeni mwa barabara kuna mizabibu imekaa juu ya kuta za mawe, na watu wa huko hawaitupi hata chembe: zabibu wanakula, wanakausha, wanachemsha mpaka zinakuwa asali nyeusi waiitayo dibs, na wanatandaza uji wake juani ukakauka kama ngozi, huo ni malban. Nyumba ni za mawe ya rangi ya maziwa yaliyoungua. Si kijiji cha kaburi kama nilivyokuwa nimekijenga kichwani. Ni mji wa watu zaidi ya laki mbili, wenye viwanda vya viatu, mawe ya kujengea na ngozi, na foleni ya magari ya kukutoa jasho. Wapalestina wengine huwatania watu wake kwamba ni wagumu wa vichwa na wepesi wa biashara. Hapo nikahisi niko Tanga kwa utani wa Wadigo na Wabondei.

Basi likatushusha. Tukatembea hadi kwenye milango ya chuma ya kuingilia Msikiti wa Ibrahim, palipo kaburi lake, ile inayozunguka ya kupita mmoja mmoja. Mama alikuwa ameshika tasbihi, anasoma kimoyomoyo, goti halimuumi tena. Askari wa Israeli akatutazama mitandio yetu, akasema kwa Kiingereza cha kukatika: leo hakuna Waislamu.

Tulidhani tumesikia vibaya. Kiongozi wetu akauliza tena. Leo hakuna Waislamu, rudini. Nyuma ya askari tulisikia muziki mkubwa wa spika, tukaona familia zimebeba watoto, wanaume wenye kofia ndogo za kufuma, wanapanda ngazi wakiimba. Ilikuwa Sikukuu ya Vibanda ya Wayahudi, ile iliyomo kwenye Taurati.

Hapa ndipo ujinga wangu wa kusoma bila kujiandaa ulipojitokeza. Nilijua kwamba mahali pale pamegawanywa, upande mmoja msikiti, upande mmoja sinagogi. Nilijua na sababu. Ambalo sikulijua ni la mtu wa sokoni: kila mwaka ziko siku kumi ambazo jengo zima ni la Wayahudi na Mwislamu haingii, na siku kumi ambazo ni la Waislamu na Myahudi haingii. Siku zao zinafuata kalenda yao, baadhi zinaangukia Pasaka yao na Vibanda. Nazo zinajulikana mapema. Aliyeandika programu yetu Dar es Salaam hakufungua kalenda hiyo, nami pia sikuifungua.

Nilimgeukia kiongozi wa msafara, mtu mzima aliyenizidi umri, nikamsemesha mbele ya watu kama ninavyomsemesha mtoro wa darasani. Alinisikiliza hadi mwisho akasema, "Dada yangu, qadari." Neno lile lilinipandisha hasira zaidi. Qadari gani hii yenye kalenda? Lakini kumfokea vile hakukufungua mlango, na siku mbili zilizofuata nilimhitaji mtu yule kuliko yeyote. Nilimwomba radhi usiku. Ningeokoa mengi kama ningemwomba mchana.

Mama hakusema kitu. Alitembea taratibu hadi kwenye kizingiti cha duka lililofungwa, akakaa juu ya jiwe, akafunika uso kwa ncha ya mtandio.

Mzee mmoja akatoka duka la tatu, amebeba kiti cha plastiki. Akakiweka, akasema, "Tafaddali, ya hajje," akarudi ndani. Akatoka tena na chai ya maramiya, majani ya kijivu yenye harufu kali kama ya dawa ya mafua, ndani yake sukari hadi kijiko kinasimama. Mimi nilitia Kiarabu changu cha chuoni, kile cha irabu zote mwishoni mwa neno, na vijana waliokuwa karibu wakaangua kicheko kwa upole, maana ni kama mtu aingie Ngamiani akazungumza kwa lugha ya tenzi. Mzee hakucheka. Alitujibu polepole kwa lugha hiyo hiyo ya kitabuni, tukaelewana.

Alisema soko lote lile zamani ulikuwa unapita kwa mabega. Sasa kati ya milango kumi uliyoihesabu iliyofunguliwa ni mitatu au minne. Akanyoosha kidole juu. Juu ya uchochoro, kuanzia ukuta hadi ukuta, kumetandazwa wavu wa chuma, na juu ya wavu kuna chupa, mawe, mifuko ya takataka. Ghorofani wanakaa walowezi, Waisraeli waliohamia mjini humo. Wanaotupa hutupa, na wavu unadaka vitu vigumu. Maji machafu, alisema, wavu hauyadaki.

Nilimwomba anieleze mpaka uko wapi. Akachukua kipande cha boksi la sigara akachora. Mwezi Januari 1997 waliweka saini kuugawa mji: sehemu inayoitwa H1, kama asilimia 80, chini ya Mamlaka ya Palestina, na H2, kama asilimia 20, chini ya jeshi la Israeli. Ndani ya hiyo H2 ndimo mlimo mji wa kale, msikiti, makumi ya maelfu ya Wapalestina na walowezi mia kadhaa. Alichora mstari unaopinda kama mkia wa kenge. Nikafikiria miaka 22 niliyosimama mbele ya ubao nikichora mipaka ya Berlin kwa chaki, nikiwaambia watoto kwamba mambo hayo yamepita.

Mgawanyo wa msikiti ulitangulia. Tarehe 25 Februari 1994, Ijumaa ya katikati ya Ramadhani, watu wakiwa kwenye sijda ya alfajiri, daktari mmoja mzaliwa wa Marekani na mlowezi wa Kiryat Arba, Baruch Goldstein, aliingia na bunduki akaua waumini 29 na kujeruhi zaidi ya mia. Waliofungiwa baadaye, kwa amri ya kutotoka nje, ni wenyeji. Msikiti ulipofunguliwa tena baada ya miezi ulikuwa na ukuta katikati. Barabara ya Shuhada, iliyokuwa mshipa wa biashara wa mji, ikafungwa kwa magari ya Wapalestina, na kuanzia 2000 hata kwa miguu yao. Mamia ya maduka yalifungwa kwa amri ya jeshi, na mengine mengi yakafa yenyewe kwa kukosa mteja.

Mwalimu wa historia akisimulia upande mmoja hajasimulia. Mwaka 1929 kwenye mji huu huu waliuawa Wayahudi 67, watu wa jumuiya iliyokuwa imeishi hapo karne nyingi, na wengine wengi waliokolewa na majirani Waarabu waliowaficha majumbani mwao. Waingereza waliokuwa wakitawala wakawahamisha waliosalia. Walowezi waliokuja baada ya vita vya 1967 wanaitaja 1929 kama hati ya nyumba. Mzee wa chai nilipomgusia mwaka huo alinyamaza, akasema waliokuwa majirani wa babu yake hawakuwa hawa. Sikumchokonoa zaidi.

Kiongozi alitaka tugeuze basi. Watu wakasema hapana, tumeshafika, na siku ile iliyoharibika ikageuka kuwa siku ya mji. Tulikwenda kwenye kiwanda cha Hirbawi, kilichoanza 1961, kinachofuma kufia, vile vitambaa vya kichwani vya Wapalestina, kwa mashine kuukuu za Suzuki kutoka Japani. Kelele zake husikii unachosema. Kufia za bei poa kutoka China nusura ziwafunge, na nilipotazama zile mashine zilizobaki kimya pembeni nilifikiria kanga zetu zinazochapwa India. Mama alimnunulia kaka yangu moja nyeusi na nyeupe. Kitambaa kizito, si kile cha kuoshwa mara mbili kikawa chandarua. Tukapita na kwa wapuliza vioo. Kijana anachota kioo kilichoyeyuka kwa bomba refu, anapuliza na kuzungusha, na kabla hujameza mate jagi la buluu limekaa mezani. Siku hizi wanayeyusha chupa kuukuu. Karne zilizopita shanga za mji huu zilisafiri na misafara mpaka Misri na Sudani.

Nashauri hapa: nunua sokoni mji wa kale, kwenye milango ile michache iliyo wazi, ulipe bei yake. Mimi nilipatana jagi la shekeli 40 mpaka 25 nikatoka nimeshinda, na jioni nikiwa hotelini ushindi ule ulinikaa vibaya kooni.

Kulikuwa na siku ya mapumziko kwenye programu, kesho kutwa yake. Nilimwambia kiongozi nataka kurudi Al-Khalil na Mama, peke yetu. Hakupenda, na alikuwa na haki: viza zetu zilikuwa za kikundi, mmoja akipata tatizo darajani wote wanakaa. Tulikubaliana turudi kabla ya magharibi, nimpigie kila tukivuka kizuizi, na tusilale nje. Ukitaka kutoka kwenye kikundi chako usitoroke, kubaliana nao.

Njia ilikuwa rahisi kuliko tulivyotishwa. Karibu na Bab al-Amud, lango la kaskazini la mji wa kale wa Baitul Maqdis, kuna stendi ya mabasi. Unapanda la Beit Jala, unashuka Bab az-Zuqaq pale Bethlehemu. Hapo hapo kuna teksi za pamoja, wanaziita servis, zinajaa abiria saba zinaondoka, kama hiasi zetu ila watu hawabebani. Tulilipa shekeli 9 kila mmoja hadi Al-Khalil. Kwenye hesabu ya wakala, basi la kwenda Al-Khalil lilikuwa dola 35 kwa kichwa. Kwenda hakuna aliyetuuliza kitu. Kurudi ndipo basi liliposimamishwa, vijana wa Kipalestina wakateremka kupanga mstari, wazee na wageni tukakaguliwa vitini.

Sasa nije kwenye kisu.

Mdogo wangu, tulipokuwa tukifungasha Tanga, alimtilia Mama kwenye mizigo kisu kidogo cha kumenyea matunda, kile chenye mpini mwekundu cha sokoni Ngamiani cha shilingi 1,500. Kilikuwa kwenye begi kubwa njia nzima. Asubuhi ile Mama alikihamishia kikapuni, tuna matofaa mawili ya njiani. Mimi sikujua. Tukafika kwenye milango ile ya chuma, safari hii wazi kwa Waislamu, kikapu kikapita kwenye mashine, na mara askari wanne wamesimama mbele ya mama yangu na bunduki mkononi.

Miaka michache kabla, 2015 na 2016, mji ule ulikuwa na visa vingi vya visu vilivyodaiwa kuchomolewa na watu kupigwa risasi vizuizini papo hapo. Hayo nilikuwa nimeyasoma. Miguu yangu ilikosa nguvu, sauti ikanikauka. Mama yeye hakuwa na habari. Mmoja wa askari wale alikuwa Mwafrika, Myahudi wa asili ya Uhabeshi, sura ndefu na macho makubwa, na Mama alimtazama yeye tu akamwambia kwa Kiswahili, taratibu kama anavyowasemesha wajukuu: "Cha kumenyea tofaa hicho, babu. Mkubwa wako nani tumweleze?"

Kijana yule hakuelewa neno. Alimtazama Mama kwa muda, akasema kitu kwa wenzake, mmoja akacheka, bunduki zikashuka. Tulikaa kwenye benchi dakika arobaini. Pasipoti zilichukuliwa, zikarudi, nikaulizwa maswali yale yale mara tatu. Kisha kijana akatutia ishara tupite. Kisu kilibaki kwenye ndoo ya plastiki nyuma ya meza, pamoja na mikasi na viberiti vya watu. Mama akiwa anapita mashine alinong'ona, "Huyu si mtu wa kwetu huyu?" Sikuwa na la kumjibu, na hadi leo sijui ningejibu nini.

Kabla ya kwenda kizuizini mwaga kikapu cha mzee wako chote, kila siku, hata kama ulikimwaga jana. Kisu, mkasi, wembe, sindano ya kushonea, vyote vibaki hotelini.

Tukaingia. Kuta za nje zilijengwa na Mfalme Herode, zina zaidi ya miaka 2,000, mawe yake makubwa hadi unatafuta yamenyanyuliwaje. Ibn Battuta alipita pale 1326 akaandika kuhusu jiwe moja lenye shubiri 37. Miaka mitano baadaye alikuwa Mombasa na Kilwa, kwa hiyo macho yaliyoyaona mawe yale yaliuona na mwambao wetu. Ndani kuna mimbari ya mbao ya 1091, imechongwa kwa mkono kipande kwa kipande, iliyoletwa na Salahuddin kutoka Asqalan baada ya kuurudisha mji mikononi mwa Waislamu. Makaburi unayoyaona ni alama. Yenyewe yako pangoni, chini. Upande wa msikiti wamo Is-haka na Rifqa, upande wa sinagogi Yakubu na Lea. Ibrahim yuko katikati, na anatazamwa na wote kwa madirisha mawili. Ukisimama dirishani kwako unaweza kumwona mtu wa upande wa pili naye amesimama dirishani kwake.

Mama alisali rakaa zake mbili juu ya kiti, kwa ajili ya goti. Alichukua muda mrefu. Adhuhuri ilipoadhiniwa, mlinzi alituambia chumba cha muadhini kimeangukia upande wa sinagogi, kwa hiyo muadhini anasindikizwa na askari kwenda kuadhini, na siku ya Sabato haadhini kabisa. Mama alisikiliza adhana mpaka mwisho na kidole juu, kisha akaniambia mimi nitoke nje nimwache.

Karibu na msikiti kuna Tikiya ya Ibrahim, jiko lililoanzishwa 1279 na Sultani Qalawun, linalopika na kugawa bure mpaka leo. Hata kabla yake, mwaka 1047, msafiri wa Kiajemi Nasir Khusraw alikuta kila mgeni anapewa mkate, dengu zilizopikwa kwa mafuta ya zeituni, na zabibu kavu. Wenyeji wanasema mji wao hakuna anayelala na njaa. Watu wamepanga mstari na sufuria na ndoo, sisi hatukuwa na chombo. Mama mmoja aliyekuwa mbele yetu alimwaga nusu ya supu yake ya ngano kwenye mfuniko wa sufuria yake akatupa. Tulikula tumechuchumaa ukutani. Nilitaka kumlipa, Mama akanifinya paja.

Mzee wa chai tulimkuta, tukakaa kwake mpaka saa tisa. Tulipeana namba za simu, tukawa tunatumiana salamu za Idi. Baada ya Oktoba 2023, vita vya Gaza vilipoanza, mitaa ya H2 iliwekwa chini ya amri ya kutotoka nje kwa majuma, watalii wakatoweka, vizuizi vikaongezeka. Aliniandikia mara moja kwamba duka limefungwa na yeye mzima. Kwa hiyo jirani yangu nimemwambia asilipe hata shilingi kwa wakala kabla hajaongea na mtu aliyeko kule mwezi huo huo, na amuulize wakala tarehe mbele ya kalenda tatu mezani: ya kawaida, ya Kiislamu na ya Kiyahudi. Asiyejua maana ya swali hilo asimpe pasipoti.

Tulirudi Tanga salama, Mama na vidonge vyake, mimi na deni langu. Jioni ya pili majirani wakajaa barazani kupokea tasbihi na kusikia habari. Mama akatoa malban, akaifungua kwenye sahani, nzito na inanata, haikatiki kwa mkono. Mdogo wangu akaingia jikoni kutafuta, tukamsikia anavuta droo moja baada ya nyingine.

"Mama, kile kisu chekundu kiko wapi?"

"Kiko Al-Khalil," Mama akajibu, "kwenye ndoo. Lete upanga wa nazi."